Ladha ya Mkate wa Shule

Wahenga wa mwambao walisema: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Kauli hiyo humnyamazisha kila anayejisifia karamu iliyopita. Hata hivyo, wapo ambao hukesha jikoni wakikanda unga ili wamrudishe yule mla wa jana. Miongoni mwao ni Wajapani waliosoma shule za msingi baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1945. Wanachokitafuta si karamu. Ni mkate mrefu, mlaini, wenye umbo la kukaribiana na boflo, uitwao koppepan. Ulipasuliwa ubavuni ukapakwa majarini na jamu au, katika maduka ya mikate, ukajazwa tambi za kukaanga. Je, mtu ana haki ya kuutamani mkate kama huo?

Asili yake haina fahari kubwa. Mkate uliingia Japani pamoja na Wareno, walewale waliojenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593, na hadi leo huitwa pan, neno lenye asili ya Kireno. Mwaka 1874 mwokaji Kimura Yasubei wa Tokyo aliutia maharage matamu ndani, ukapendwa. Lakini mkate wa shule ulienezwa na njaa. Nchi ilishindwa, mchele ukaadimika, na mwaka 1950 shule za miji minane mikubwa zikaanza kugawa mlo wa mkate uliookwa kwa unga wa msaada kutoka Marekani. Sheria ya mlo wa shule ilipitishwa mwaka 1954. Wali haukuingizwa rasmi katika mlo huo ila mwaka 1976. Kizazi kizima, basi, kililelewa kwa unga wa aliyewashinda wazee wake.

Kuuoka nyumbani si kazi ngumu. Sehemu ya unga huvurugwa kwa maji yanayochemka, ikalazwa usiku, kisha ikakandwa pamoja na unga uliobaki, hamira, maziwa na sukari. Wanga ulioiva hushika maji, na mkate hubaki mlaini hata siku ya pili. Mpishi wa leo hutia siagi badala ya majarini. Mkate hutoka bora kuliko ule wa shule, na hapo ndipo penye kasoro: ulimi hauutambui. Akirudia majarini ya bei nafuu huukaribia zaidi, lakini bado hukosekana kiungo kisichouzwa dukani, nacho ni njaa ya mtoto wa miaka minane aliyeungoja mkate wake tangu asubuhi.

Wanaoishuku shauku hii wana hoja nzito. Husema kuwa ni kuitakasa dhiki, na ushahidi wao ni maziwa ya unga. Yalikuja kwa msaada vilevile, yakanywewa mezani palepale, na wengi huikumbuka harufu yake kwa karaha. Hakuna anayekesha jikoni kuyarudisha. Kumbukumbu imechagua, na achaguaye huficha.

Hoja hiyo, pamoja na uzito wake, inachanganya kuitamani dhiki na kuitamani faraja iliyopatikana ndani yake. Mtoto yule hakupenda kushindwa kwa nchi yake. Alipenda saa sita mchana. Kumnyang'anya furaha ile kwa sababu ya asili ya unga ni kumdai mtoto hesabu za wakubwa. Uongo huanzia kwingine, pale mkate unapopambwa kwa jina la zamani njema na kuuzwa bila njaa kutajwa. Mpishi wa nyumbani hana pa kujificha: mjukuu atamwuliza kwa nini mkate huu, na si keki.

Na kumjibu ni kazi, kwa maana njaa haisimuliki kwa aliyeshiba. Mjukuu husikiliza, huuma, husema ni mtamu, kisha huacha nusu sahanini na kwenda kucheza. Enzi za bibi hakikubakizwa kitu. Mtoto akiugua, mwenzake alimpelekea mkate wake hadi nyumbani. Bibi huitazama nusu ile, asijue kama ameudhika au amefurahi. Huifunga kwa karatasi, akaila mwenyewe jioni.