Diski za marehemu baba: Je, ruhusa ya waliomo ndani tunayo?



Siku ya Idi, baada ya swala na chakula, sebule yetu ya Kichangani, hapa Morogoro, ilikuwa imejaa. Walikuwepo wajomba, majirani, vijana wa mtaani na wanafunzi wangu wawili waliokuja kunipa mkono wa Idi. Mama akaomba tumuwekee mzee, yaani marehemu baba, anavyosoma Qur'an kwenye khitma ya madrasa mwaka 2004. Nikabonyeza kitufe kimoja cha rimoti. Sauti ya baba ikajaa chumbani, mama akainamisha kichwa, nami nikajisifu moyoni kwa kazi niliyoifanya.

Baba alipomaliza kusoma, hakuna aliyegusa rimoti. Runinga yenyewe ikaruka kwenye faili lililofuata. Ghafla ukatokea ua wa nyumba ya bibi huko Kinole, ng'ambo ya milima ya Uluguru, usiku wa kuamkia harusi mwaka 2006. Walikuwa wanawake watupu, vichwa wazi, wanacheza ngoma ya kumfunda bibi harusi, na katikati yao alikuwepo shangazi yangu, mama wa bibi harusi. Nikachomoa waya ukutani. Sidhani kama zilipita sekunde 10. Lakini shangazi alikuwa amekaa pale pale na hijabu yake, mbele ya wanaume waliokwisha kumwona. Hakusema neno. Aliinuka akaenda jikoni.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo naliona linawahusu Waislamu wengi wa mijini: tunapohamisha diski za nyumbani kuziingiza kwenye kompyuta, ili tuzitazame kwa urahisi, tunahamisha mali yetu au tunahamisha amana za watu?

Wepesi ni neema

Nianze kwa kueleza nilichokifanya, kwa sababu nia yake haikuwa mbaya. Baba aliacha kabati lenye diski 112. Humo mlikuwa na darsa za masheikh alizonunua nje ya misikiti baada ya swala ya Ijumaa, mashindano ya kuhifadhi Qur'an, maulidi, safari ya Hijja, harusi na sherehe za madrasa. DVD zilianza kuuzwa huko Japani mwaka 1996, na miaka michache baadaye hakukuwa na harusi ya mjini isiyorekodiwa. Leo deki zimekufa na mafundi wake wamehamia kwenye simu. Hata kompyuta mpya nyingi hazina tena mahali pa kuingizia diski.

Isitoshe, diski zenyewe zinakufa. Ile inayochomwa na mpiga video wa mtaani si sawa na inayochapwa kiwandani. Maandishi yake yamo kwenye rangi nyembamba ambayo joto, mwanga na unyevu huiharibu polepole. Zile zilizokaa Kinole, upande wa mashariki wa Uluguru unaopata mvua nyingi kuliko huku mjini, zilikuwa zimeota ukungu. Katika 112, diski 15 zilikataa kabisa kusomeka.

Kwa hiyo wakati wa likizo ya Desemba niliazima kifaa cha kusomea diski, nikanunua eksteno ya terabaiti moja, mimi na mpwa wangu tukaanza kazi. Diski ya kawaida hubeba gigabaiti 4.7, kama saa mbili za picha nzuri. Ndani yake picha hukatwa vipande vipande, visivyozidi gigabaiti moja kila kimoja. Tulinakili diski nzima kama ilivyo, kisha kwa programu ya bure tukatengeneza nakala ndogo ambayo runinga inaweza kuisoma kutoka kwenye flashi. Kila diski ilichukua kama dakika 20. Diski 97 zikaingia, na nafasi ikabaki.

Ikumbukwe kuwa mama yangu macho hayaoni vizuri na magoti yanamsumbua. Zamani akitaka kumsikia baba ilibidi asubiri mtu wa kutafuta diski, kuifuta vumbi na kupigana na deki. Sasa anabonyeza mwenyewe. Dini yetu haikuja kuwatia watu uzito, na Allah (s.w.) ametubainishia katika Suratul-Baqara aya ya 185 kuwa anatutakia wepesi. Mwenye kusema kazi hii ni upuuzi amwangalie kwanza mjane anayesikiliza qiraa cha mumewe.

Diski ilikuwa na mlango

Kosa langu lilikuwa wapi basi? Nilidhani ugumu wa diski ulikuwa kero tu. Sikujua kuwa ulikuwa pia mlango.

Diski ile ya harusi ilirekodiwa na dada mpiga video, mbele ya wanawake peke yao. Shangazi na wenzake walikubali kurekodiwa kwa sababu walijua itakaa wapi: ndani ya kabati, kwenye kasha lililoandikwa "wanawake tu". Aliyetaka kuitazama ilibidi aiombe, aitoe na kuiweka kwa makusudi. Ikiisha, imekwisha, haiwezi kujileta yenyewe mbele ya wageni. Mimi niliitoa kwenye kasha, nikaipa jina "Harusi 2006", nikaiweka mstari mmoja na qiraa cha baba. Onyo lililoandikwa juu ya kasha halikuingia kwenye faili. Picha nilizihamisha, mlango nikauacha kabatini.

Katika Suratun-Nur aya ya 27 tumekatazwa kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Wanaume wangapi miongoni mwetu wanaweza kuufungua mlango wa chumba walimo wanawake wanaocheza? Hakuna, hata asiyeswali ataona haya. Lakini mwanamume huyo huyo hufungua faili la chumba kile kile akiwa amelala kwenye kochi, na mwanawe akampelekea rafiki kwa simu kabla chai haijapoa. Nilipomuuliza mpwa wangu, aliniambia kwa uaminifu kuwa folda lote alishalinakili kwenye simu yake, na alikuwa amebakiza kulituma kwenye kundi la ukoo. Wallahi nilitetemeka.

"Ni mali yetu"

Wapo watakaosema: diski ni za baba, baba amefariki, warithi ni sisi, tatizo liko wapi? Hoja hii nami nilikuwa nayo. Lakini tuliangalie jambo hili kama tunavyofundishana katika darsa za mirathi. Mrithi hurithi alichokimiliki marehemu. Baba alimiliki plastiki ile. Hakumiliki nywele za shangazi, wala heshima ya jirani aliyealikwa usiku mmoja akacheza. Hiyo ilikuwa amana mkononi mwake, na amana hairithiwi ikageuka kuwa mali, bali hurithiwa jukumu la kuilinda. Suratun-Nisaa aya ya 58 inatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe.

Hata sheria za nchi zimeanza kuliona hili. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Lakini Muislamu hasubiri sheria hiyo ili ajue kuwa mtu ana haki katika sura yake.

Tukumbuke pia zile darsa. Sheikh aliyerekodi mawaidha akayauza ili apate nauli ya kwenda kufundisha kijiji kingine, au madrasa iliyouza diski ili ipate mabati, wana haki yao. Kikao cha 5 cha Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, kilichofanyika Kuwait Desemba 1988, kilipitisha kuwa haki za mtunzi zinalindwa na sharia na haifai kuzivamia. Hapa kwetu ipo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa ufahamu wangu, kuihamisha diski uliyoinunua ili uitazame wewe na watu wa nyumbani kwako ni jambo jepesi. Kuinakili kwenye flashi 20 na kuzigawa au kuziuza ni jambo jingine, hata kama ndani yake kuna Qur'an. Wengi hujitetea kwa kusema "ni daawa". Daawa haifanywi kwa jasho la mtu ambaye hajaridhia. Mwenye pupa ya thawabu amwombe sheikh ruhusa. Masheikh wengi wataitoa kwa furaha.

Wazee wetu walinakili vipi?

Kunakili si jambo geni katika Uislamu. Kabla ya viwanda vya uchapaji, elimu yetu yote ilibebwa na wanakili. Lakini wanazuoni waliweka adabu mbili. Ya kwanza ni ijaza, yaani ruhusa: mwanafunzi hakupokea kitabu tu, alipokea idhini ya kukipokeza. Ya pili ni mukabala, yaani kuilinganisha nakala na asili yake mpaka uhakikishe hakuna kilichopungua.

Katika zama zetu hizi, maandishi ya kale ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu, uliojengwa zama za Habib Saleh, yalipigwa picha na kuhifadhiwa kwa kompyuta kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Wenyewe walishirikishwa, na asili zikabaki pale pale. Hivi ndivyo inavyotakiwa hata kwa kabati la sebuleni. Mukabala niliufanya, kwa kutazama mwanzo, katikati na mwisho wa kila faili kabla ya kuamini kuwa limekamilika. Diski za wanawake nilizikabidhi kwa mpwa wangu azikague bila ya picha, kwa kutazama muda tu, nikaona nimechukua tahadhari ya kutosha. Ijaza ndiyo niliyoisahau.

Bibi je?

Nilikwenda kumwomba radhi shangazi. Nilidhani nitafuta faili, mambo yaishe. Kumbe jambo lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri. Katika diski ile ile yumo bibi yetu, mama yao baba na shangazi, aliyefariki miaka kumi iliyopita. Hatuna picha nyingine ya bibi akitembea na kusema. Ndugu zangu wakaja juu: ukifuta umemzika bibi mara ya pili. Wakasema tumbembeleze shangazi asamehe ili diski ibaki.

Shangazi alinijibu hivi: "Mwanangu, mimi nimeshakusamehe. Lakini mule ndani tulikuwa wanawake zaidi ya thelathini. Wengine wamekufa, wengine sijui waliko. Mimi nitawasamehea vipi wenzangu?"

Ndugu msomaji, sikuwa na la kusema. Nimesoma chuo kikuu, nafundisha haki za waja darasani, na ni shangazi aliyenikumbusha kuwa haki ya mtu haisamehewi na jirani yake. Allah (s.w.) husamehe haki yake kwa anayetubia. Haki ya mja humsubiri mja.

Uamuzi wa bibi tukauacha kwake. Ni binti yake na mrithi wake. Hata kwa mila yetu Waluguru, ambao ukoo hufuata upande wa mama, yeye ndiye wa ukoo wa bibi, mimi siye. Akaketi na mke wangu, wakafunga mlango, wakaitazama diski yote. Walitoa dakika 11 ambazo bibi yuko peke yake, amejitanda kanga, anamwombea dua mjukuu wake. Zilizobaki wakazifuta, na mpwa wangu akazifuta kwenye simu yake mbele yetu. Diski yenyewe shangazi aliivunja kwa mkono wake. Dakika zile 11 wanazo wanawake wa nyumba yetu. Mimi na ndugu zangu wa kiume tumesikilizishwa sauti tu, kwa sababu ndivyo alivyoona shangazi. Inaniuma, siwezi kusema uongo. Lakini naona ni haki.

Nasaha kwa mwenye kabati

Kwa anayetaka kuanza kazi hii, na aianze mapema kabla diski hazijafa, namnasihi mambo machache. Kwanza, azitenge kabla ya kunakili: za qiraa na darsa, za familia, na zenye faragha ya wanawake. Hizo za mwisho zishughulikiwe na wanawake wenyewe, katika flashi yao, yenye neno la siri. Pili, aulize walio hai. Swali la dakika moja hupunguza hesabu ndefu ya Akhera. Tatu, maonyo ya kwenye kasha yahame pamoja na picha: jina la faili liseme waziwazi ni la nani na halifai mbele ya nani. Nne, asitupe asili mpaka ailinganishe, na aweke nakala ya pili nyumba nyingine, maana eksteno nayo huanguka.

Kila wepesi mpya huvunja ukuta fulani, na kuta nyingine zilikuwa zinasitiri watu. Mwenye kuuvunja ndiye mwenye wajibu wa kujenga mwingine, kabla wageni hawajaingia sebuleni.

Mama bado hubonyeza kitufe kila baada ya Alfajiri. Baba husoma, humaliza, na runinga hunyamaza. Nimeiweka isiruke tena.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.