Nyumba ya Kushukia Makka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyeijaalia Nyumba yake tukufu kuwa marejeo ya watu na mahali pa amani. Na rehema na amani zimshukie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zetu wa miji hii ya pwani wamezidi kwenda Umra, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Wazee wetu walisafiri kwa jahazi na kwa meli, wakiaga kama watu wasiotarajia kurudi. Leo mtu huondoka Mombasa, akabadilisha ndege Nairobi au Addis Ababa, na siku ya pili yake yuko Jeddah. Lakini neema hii imefuatwa na biashara, na biashara isiyokuwa na uchungu wa dini haikosi kuingiwa na hila.

Hatutaki leo kusema juu ya tawafu wala sai. Hayo watu husomeshwa kabla ya kuondoka, tena husomeshwa vizuri. Twataka kusema juu ya zile saa ambazo hazisomeshwi popote: tangu msafiri kushuka katika ndege mpaka kuuweka mkoba wake chini, na juu ya nyumba atakayoshukia. Huenda mtu akasema kwamba haya ni mambo ya kidunia, yanahusu nini na waraka wa dini? Twamjibu kwamba ahadi ni dini, na bei ni dini, na mguu wa mama mzee unaouma kwa sababu ya uwongo wa mtu mwingine utaulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Tuanze na wale wasemao, "Sisi twamwendea Mungu, yeye ndiye atakayetupokea." Neno hili ni zuri masikioni, lakini si jipya. Ibn Abbas (r.a.) amepokewa akieleza kwamba watu wa Yaman walikuwa wakienda Hija bila ya masurufu, wakisema kwamba wao ni wenye kumtegemea Mungu; wakifika Makka wakawaomba watu. Ndipo ikateremka aya katika Suratul Baqara ya kuwaamrisha wachukue akiba ya safari, na kuwajulisha kwamba akiba iliyo bora ni ucha Mungu. Hawakusifiwa kwa kutegemea kwao, kwani kutegemea kwenye kuwalemea wengine si tawakali. Basi mwenye kulipa fedha zake zote bila ya kuuliza atashukia wapi, na atafikaje huko, hana tofauti kubwa na watu wale, ila wao waliacha mkate, naye ameacha swali.

Sasa tuiangalie njia yenyewe. Uwanja wa ndege wa Jeddah, unaoitwa kwa jina la Mfalme Abdulaziz, ulifunguliwa mwaka 1981, nao uko kaskazini ya mji. Kutoka hapo mpaka Makka ni kama kilomita 100. Mwenye kwenda na kikundi hungojewa na basi, na kazi yake ni kusubiri wenziwe wote watoke, jambo ambalo huchukua saa nyingi kuliko mwendo wenyewe. Mwenye kwenda peke yake, au na mkewe, ana teksi na treni. Treni hii ya Haramain ilianza kuchukua abiria mwaka 2018. Njia yake ni kiasi cha kilomita 450 baina ya Makka na Madina, na mwendo wake hufikia kilomita 300 kwa saa. Ina kituo hapo hapo uwanjani, kilichoungana na jengo namba 1. Walakini anayeshukia jengo jingine hana budi kupelekwa huko kwanza. Na kituo cha Makka hakiko mlangoni pa Haram; kiko Rusaifa, kilomita kadhaa mbali, na kutoka hapo yataka basi au teksi tena. Basi anayeambiwa, "Treni itakufikisha Makka," ameambiwa kweli. Lakini mzee mwenye mikoba miwili yampasa aambiwe kweli yote.

Ama teksi, penye mlango wa kutokea utamkuta mtu akikuita, "Makka, ya hajj, Makka!" na mkono wake umekwisha kuushika mkoba wako kabla hujamjibu. Mwache. Nenda penye safu ya teksi zenye idhini, na uuelewe ujira kabla mkoba haujaingia garini: ni riyali ngapi, na je, ni za gari zima au za kila kichwa? Hapo ndipo wengi walipotolewa fedha mara tatu. Tena kumbuka kwamba mwenye kwenda Makka moja kwa moja ameingia katika ihramu angali hewani, kabla ya kuipita mikati. Mwenyezi Mungu amekataza ubishi na ugomvi katika Hija, na adabu hiyo humpendeza kila mwenye ihramu. Ni aibu iliyoje mtu aliyevaa shuka mbili nyeupe, talbiya ingali ulimini mwake, kusimama kando ya barabara akitukanana na dereva juu ya riyali hamsini! Kupatana ujira mapema ni katika kuilinda ihramu.

Na kwa wazee, rai yetu ni kuanzia Madina kila inapowezekana. Huko mji ni tambarare, mwili hupumzika, na ihramu mtu huingia wakati wa kuondoka, penye mikati ya Dhul Hulaifa. Ila anayeondoka kwa treni na ajue kwamba treni haisimami hapo; avae nguo zake za ihramu tangu nyumbani na anuie akiwa njiani.

Sasa twaja kwenye nyumba, na hapa ndipo penye maneno. Makka ni mji wa bonde na majabali. Tangazo likisema, "Mita 500 kutoka Haram," kwanza uliza mita hizo zimepimwaje, kwa mguu wa mtu au kwa bawa la ndege? Upande wa Ajyad ziko hoteli ambazo kushuka kwenda kusali alfajiri ni rahisi, lakini kurudi ni kupanda mlima. Upande wa Misfala, kwa njia ya Ibrahim Khalil, miguu hupata afueni, lakini njia ile ni ndefu, na hoteli ya mwanzo wake si sawa na ya mwisho wake. Aziziya iko mbali kwa kilomita kadhaa, na bei yake ni nafuu; hakuna ubaya kumshusha mtu huko akiwa amekwisha kuelezwa. Lakini na aelezwe pia kwamba siku ya Ijumaa na masiku ya Ramadhani barabara zilizo karibu na Haram hufungwa, na basi humwacha mtu mbali akamalizie kwa miguu. Na iko ile minara mirefu penye mlango wenyewe, yenye saa, iliyomalizika mwaka 2012 na kufikia mita 601 kwenda juu. Aliyeko humo hushuka kwa lifti akaingia msikitini, naye hulipia kila hatua aliyookolewa.

Tusidharau hatua hizo. Kwenda na kurudi baina ya Safa na Marwa mara saba hupita kilomita 3, mbali na mizunguko saba ya tawafu katika msongamano. Mama wa miaka sabini aliyemaliza hayo, kisha akaonyeshwa mlima wa kuupanda saa nane za usiku, anaweza kukosa jamaa siku ya pili, na ya tatu, akabaki chumbani akiisikia adhana ya msikiti alioweka akiba miaka kumi apate kusali ndani yake. Jambo hili hutokea. Na mara nyingi mama huyo halalamiki, kwani ameambiwa kuwa kulalamika kutaharibu ibada yake.

Imepokewa na Abu Huraira (r.a.), naye Muslim ameitaja katika Sahihi yake, kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye chungu ya nafaka sokoni, akatia mkono wake ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenye mali ni nini hiki. Akajibu kwamba imenyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akasema kwamba mwenye kughushi si katika wafuasi wake. Tazama, ndugu msomaji: mtu yule hakusema uwongo. Hakuapa kwamba nafaka yake ni kavu. Alinyamaza tu, akaliweka lililo zuri juu.

Ni ipi basi nafaka mbichi ya mawakala wetu wa leo? Ni maneno mawili madogo yaandikwayo chini ya picha ya hoteli nzuri: "au mfano wake". Picha ni ya hoteli iliyo mbele ya mlango wa Haram. Mfano wake hujulikana usiku ule basi linapopita hoteli ile bila kusimama. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wameshurutisha katika ijara kwamba manfaa yanayokodiwa yajulikane, na muda wake ujulikane, na ujira ujulikane. Kinachofichwa hapa ni manfaa yenyewe, kwani mtu haendi Makka kukodi kitanda, akodi ukaribu. Vivyo hivyo yafaa ajulishwe idadi ya vitanda katika chumba. Tumesikia ya bibi zetu waliolipia chumba cha watu wawili, wakajikuta watano, watatu kati yao hawajuani.

Hatusemi kwamba mawakala wote wako hivyo. Wako wanaomcha Mungu, wanaoitaja hoteli kwa jina lake na kuwaambia watu wazi kwamba iko mbali, wakakosa wateja kwa kusema kweli. Hao ndio twapenda watu wawatafute, hata kama bei yao imezidi kidogo.

Lakini liko jambo zito zaidi, nalo latuhusu sisi wenye vilemba. Imekuwa ada katika baadhi ya miji yetu kwamba mwalimu au khatibu akikusanya watu kadha wa kadha kwa wakala fulani, hupewa safari yake bure, au huongezewa fedha mkononi. Kisha husimama mbele ya watu akaisifu safari ile, na watu hudhani kwamba anawanasihi, kumbe anauza. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu kukusanya zaka, aliporudi akasema: hiki ni chenu, na hiki nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akakasirika, akauliza mbele ya watu kwa nini asingekaa nyumbani kwa babake au mamake akaona kama ataletewa zawadi hiyo. Hatusemi kwamba mwalimu anayekwenda kuwaongoza watu hana haki ya kulipwa. Anayo, na kazi yake ni ngumu. Twasema awaambie: "Mimi nalipwa na wakala huyu." Neno hili halimpunguzii heshima mwenye ikhlasi. Asiyeweza kulisema na ajiulize kwa nini haliwezi.

Na sisi wasafiri tuna lawama yetu. Siku hizi anayerudi huulizwa, "Ulishukia hoteli gani?" kabla ya kuulizwa, "Ulituombea?" Wako waliokopa, na wengine wakatoa fedha za chama cha kina mama zilizowekwa kwa haja nyingine, ili wapate chumba chenye dirisha la kuiona Kaaba na picha ya kuwapelekea jamaa. Umra kwetu sisi Mashafii ni wajibu mara moja katika umri kwa mwenye uwezo, na dirisha halikutajwa katika uwezo huo. Chumba safi cha Misfala kinachojulikana na kulipiwa kwa halali ni bora kuliko ghorofa la thelathini la deni.

Yafaa pia tukumbuke kwamba nyumba za Makka hazikuwa kama nyumba za miji mingine machoni pa wema waliotangulia. Qurani imetaja kwamba msikiti ule mkaaji na mgeni ni sawa ndani yake. Kwa ajili hiyo Abu Hanifa alichukia kuchukuliwa kodi za nyumba za Makka wakati wa Hija, na Sayyidna Umar (r.a.) amepokewa kuwa aliwakataza watu wa Makka kuitia milango miji yao ili mahujaji washuke watakapo. Imam Shafii aliijuzisha kodi, na mjadala wake na Ishaq bin Rahawayh juu ya jambo hili ni mashuhuri. Nasi twafuata kujuzisha. Lakini ikiwa maimamu walifika hata kukhitalifiana juu ya kodi ya halali, wangesema nini juu ya kodi ya hila?

Tumeulizwa: mtu akifika akaiona hoteli siyo aliyoahidiwa, afanye nini? Asigombane penye lango la hoteli akiwa na ihramu. Amwambie kiongozi wa kikundi kwa upole na mbele ya mashahidi kwamba hakuridhia, apige picha ya mlango na ya chumba, ahifadhi karatasi alizopewa, kisha aende akamalize Umra yake. Akirudi amwendee wakala, kwani sifa iliyoshurutishwa ikikosekana haki yake haikuanguka kwa kuwa alilala pale kwa kukosa pengine. Wakipatana kwa wazee wa mtaa, ni kheri. Wasipopatana, hili si katika mambo ya Kadhi, ambaye kwa sheria ya Kenya husikiliza ndoa, talaka, mirathi na hali za watu. Ziko mahakama za madai madogo, zilizowekwa kwa sheria ya mwaka 2016, zinazosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na mdai aweza kusimama mwenyewe bila ya wakili. Kitakachomfaa hapo ni karatasi iliyotiwa sahihi kabla ya safari, yenye jina la hoteli bila ya "mfano wake", na mwendo wake kwa miguu, na idadi ya watu chumbani, na gari litakalomchukua kutoka Jeddah. Wakala akikataa kuyaandika hayo, fedha zingali mfukoni mwako.