Bunduki ya Babu Nyuma ya Mlango

Nyumbani kwangu lipo gobore. Ninalimiliki kwa kibali na karatasi zake zipo, kwa hiyo usianze kunihukumu kabla sijaeleza. Nililirithi kwa marehemu baba, naye alilirithi kwa baba yake, aliyelipata Tabora enzi za misafara. Tuliliita gobore kwa sababu hushindiliwa baruti kwa mdomoni. Rafiki yangu mmoja, ofisa wa wanyamapori mstaafu, ambaye hupenda bunduki kuukuu kama wengine wapendavyo ng'ombe, ndiye aliyenifumbua macho. Alimulika tochi ndani ya mtutu, akaniita nitazame. Mlikuwa na mifereji mitatu myembamba, imejisokota kama kamba hadi chini kabisa.

"Mwalimu," aliniambia, "hili si gobore la mhunzi wa kijijini. Hii ni Enfield ya Waingereza, ya muundo wa mwaka 1853."

Hiyo ndiyo bunduki ambayo risasi zake zilifungwa katika karatasi iliyopakwa mafuta, na mwaka 1857 askari wa Kihindi wakaasi, mojawapo ya sababu ikiwa ni uvumi kwamba mafuta yale yalikuwa ya ng'ombe na nguruwe. Miaka kama kumi baadaye Waingereza walianza kutumia bunduki za kujazia nyuma, na zile za kushindilia zikawa bidhaa ya kuuza. Huku kwetu silaha zilizokwisha kuchakaa Ulaya ziliingia kwa wingi kupitia Unguja na pwani, zikabadilishwa kwa pembe za ndovu. Nilifundisha historia kwa miaka mingi, kisha nikawa mkuu wa shule ya mazoezi chini ya chuo cha ualimu, na jambo hilo nililiandika ubaoni mara nyingi. Sikujua kwamba ushahidi wake nilikuwa nao nyumbani.

Mwaka 2012 rafiki yangu alinishawishi tuipige. Tulikwenda shambani kwake, tukaweka debe tupu mbele ya kichuguu, hatua hamsini. Kazi yenyewe ina utaratibu kama wa ibada: kupima baruti, kuimimina, kuingiza risasi, kuishindilia kwa mdeki taratibu bila pupa, kuinua nyundo, kuweka fataki. Askari aliyefunzwa vizuri aliweza kupiga mara tatu kwa dakika moja. Sisi wazee wawili tulitumia karibu dakika tano kwa risasi moja, tukibishana njia nzima. Nilipofyatua, bega lilisukumwa nyuma, moshi mweupe ukanifunika, harufu yake ya yai viza. Moshi ulipotawanyika debe lilikuwa limelala chini na tundu lipitalo kidole gumba.

Nilipiga kelele za furaha kama mtoto. Nikataka tena. Nilipiga mara sita.

Furaha ile ndiyo iliyonikosesha usingizi usiku ule, na ndiyo ninayotaka tuizungumze. Babu yangu alikuwa rugaruga. Wajerumani walipopigana vita vya Maji Maji kuanzia mwaka 1905, hawakupigana na askari wao peke yao. Walichukua watu kama babu, na bunduki zao za kushindilia, wakaenda nao. Baba alinisimulia jambo moja tu: kwamba babu alikwenda Ungoni na bunduki hii, akarudi na mbuzi wawili, na kwamba tangu hapo hakupenda kuulizwa. Na mimi, kwa mapenzi ya Mungu, nilioa Songea.

Nilipoileta nyumbani mwaka 1979, baada ya kumzika baba, mke wangu aliniuliza ilikotoka. Nilimweleza yote, maana hatukuwa na desturi ya kufichana. Alinyamaza kwa muda mrefu, akaendelea kuchambua mchele, kisha akasema: "Iweke nyuma ya mlango. Ukutani usiitundike." Bibi yake alikuwa msichana mdogo wakati ule, akaponea mizizi ya porini, kwa kuwa majeshi ya Wajerumani yalichoma maghala na mashamba. Wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa kati ya 75,000 na 300,000, na njaa iliua wengi kuliko risasi. Aliyebeba mwenge na aliyebeba bunduki aghalabu alikuwa mtu yule yule.

Rafiki yangu husema chuma hakina dhambi; dhambi ni ya mkono. Husema pia kwamba bunduki hii iliwafukuza nguruwe mashambani kwa nusu karne, na hilo ni kweli, mimi mwenyewe nimekula mahindi yaliyolindwa nayo. Husema mwisho kwamba imezeeka, na kitu cha kale ni cha wote. Hoja mbili za kwanza nazikubali kwa shingo upande. Hii ya tatu hunitatiza. Tarehe 27 Februari 1906, mjini Songea, Wajerumani waliwanyonga wazee na viongozi wa Wangoni kwa pamoja. Kamba zile zingepatikana leo, zingekuwa na umri wa zaidi ya miaka mia moja. Je, yuko mtu angeziweka sebuleni na kuwaonyesha wageni jinsi zilivyosukwa vizuri? Angefanya hivyo tungemwona mwendawazimu. Lakini kwa bunduki ya vita vile vile tunaita jirani aje aone nyundo ilivyochongwa na mti wa kitako unavyong'aa. Umri ni ule ule, kazi ni ile ile.

Nimejitetea kwa kusema kwamba kamba huvutwa na mtu asiyekuwa hatarini, ilhali mwenye bunduki naye huweza kufa, hivyo katika bunduki mna ushujaa. Utetezi huo unafaa kwa baadhi ya bunduki. Kwa ya babu sidhani, kwa sababu ya wale mbuzi wawili.

Mke wangu alifariki mwaka 2019. Baada ya arobaini niliichukua bunduki, nikachukua na misumari, nikasimama sebuleni. Hakuwapo tena wa kunikataza. Niliirudisha nyuma ya mlango. Na mwezi Novemba 2023, Rais wa Ujerumani alipofika Songea akaomba msamaha kwa niaba ya nchi yake, nilimsikiliza redioni huku nikiutazama mlango ule. Yeye aliwaombea wa kwake. Kwa nini mimi, niliyekula nyumba moja na mjukuu wa waliochomewa ghala kwa miaka arobaini na ushei, sikuwahi kumwambia neno hilo? Nilidhani kuiweka nyuma ya mlango kulitosha. Yamkini hata yeye alidhani hivyo. Sikumuuliza.

Rafiki yangu anataka kuinunua, na bei yake ni nzuri. Mjukuu wangu anaitaka kwa sababu ameona picha zake za zamani. Makumbusho ya Maji Maji yako Songea kwa wakwe zangu, lakini kuipeleka huko kutanilazimu kueleza habari ya babu mbele ya watu wanaonijua kama mkwe mwema.

Mwezi uliopita nilikwenda kuhuisha kibali. Kijana wa mapokezi, mstaarabu sana, aliniuliza kama ilivyo kawaida: "Mzee, silaha hii ni ya matumizi gani?" Miaka yote nilijibu kulinda shamba. Shamba nimekwisha kuwagawia wanangu, nao wamejenga nyumba. Nilisimama pale na kalamu mkononi, watu wakiwa foleni nyuma yangu, kisha nikamwomba anipe hadi Jumatatu.