Mwacha Asili

Wahenga walinena: mwacha asili ni mtumwa. Methali hii huwa nyepesi mdomoni mwa aliyerithi nasaba ndefu na shamba la mikarafuu. Je, ina hukumu gani kwa mtu ambaye asili aliyorithishwa ndiyo huo utumwa?

Huko Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, kiasi cha mwaka 1880, alizaliwa mtoto wa kike akaitwa Mtumwa. Baba yake alikuwa mkulima, mama yake mfinyanzi, na wote wawili ukoo wao ulitoka bara. Jina likatangaza daraja ya mtoto kabla hajajua kutembea. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilipofutwa Unguja mwaka 1897, sheria iliwafungulia watu njia ya kudai uhuru, majina haikuyagusa.

Kwa mama yake alijifunza ufinyanzi, akawa akichukua vyungu kwenda kuviuza mjini. Mwaka 1911 alihamia huko moja kwa moja. Akafunzwa kuimba taarabu, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Watu wakamwita Siti, yaani bibi mwenye heshima. Kwa jina hilo, Siti binti Saad, alifariki mwaka 1950, na kwa jina hilo Shaaban Robert aliandika wasifu wake.

Basi, aliacha asili? Jibu linategemea kutenganisha mambo mawili ambayo jamii hupenda kuyachanganya. Daraja ni kitu mtu anachovikwa na wenziwe. Asili ni kile alicholelewa nacho. Siti aliivua daraja, asili akabaki nayo. Taarabu iliyokuwa ikiimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa, yeye aliiimba kwa lugha ya wauza vyungu. Aliimba hata kisa cha mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, wakafungwa mashahidi. Asingekijua kilio cha wanyonge, wimbo huo asingeuimba.

Lakini mizani hii ina upande wa pili, nao unawahusu walio hai. Wako wanaojifakhari kwa Siti na kuona haya kumtaja Mtumwa. Ziko nyumba ambamo bibi mmoja hurukwa nasaba inapohesabiwa, kwa kuwa aliletwa na jahazi bila hiari yake. Hufanywa hivyo kwa jina la kusitiri. Sitara ni jambo jema, ila aibu husitiriwa kwa aliyetenda. Aliyetendewa hana cha kufichwa. Kumficha ni kumdhulumu mara ya pili, tena kwa mikono ya wajukuu zake.

Aliyeitwa Mtumwa hakuiacha asili yake. Anayeiacha ni yule anayehesabu mababu kwa kuchagua, na methali ya wahenga, ikisomwa kwa haki, inamwelekea yeye.