Pua ya Chuma

Somo: Yohana 4:5–42



Jua la Agosti jijini Roma halina huruma. Nilipokwenda kutembea huko, adhuhuri moja nilijikuta nimebanwa na umati mbele ya chemchemi ya Trevi, kazi ya mawe iliyokamilika mwaka 1762. Watu huipa mgongo na kurusha sarafu kwa mkono wa kulia kupitia bega la kushoto, ati arushaye atarudi Roma. Nami nikarusha yangu, nikapiga picha, halafu nikanunua chupa ya maji kwa bei iliyoniuma.

Mtaa wa pili, bibi mmoja alikuwa ameinama kwenye bomba la chuma. Alipoiona chupa yangu akacheka. Akaziba mdomo wa bomba kwa kidole. Maji yakaruka juu kupitia kitundu kidogo, akanywa. Nami nikainama. Maji baridi, safi, ya bure! Warumi huliita bomba hilo nasone, yaani pua kubwa. Mabomba hayo yalianza kuwekwa miaka ya 1870, na leo ni takriban 2,500. Tangu asubuhi nilikuwa nayapita bila kuyaona.

Siibezi Trevi. Sarafu zake hukusanywa na kupewa Caritas, shirika la Kikatoliki, ziwafae maskini. Lakini kiu yangu ilikatwa na bomba lisilopigwa picha na mtu.

Hata usharika wetu una Trevi zake: harambee, sare mpya za kwaya. Una pia pua zake za chuma: mama anayedeki kanisa Jumamosi jioni, kijana anayemsindikiza mzee kliniki. Hawatangazwi. Wengine tumewaziba midomo kwenye vikao, na bado wanatoa. Maji yao yametafuta kitundu kingine.

Yule mwanamke Msamaria naye alikuja kisimani peke yake, juani, na mtungi wake. Bwana hakumpita, alimwomba maji. Mwanamke akauacha mtungi, akaenda mjini, na watu wa mji wakatoka kuja kwenye Maji ya Uzima.

Juma hili, mtafute mmoja uliyezoea kumpita. Usimpelekee hotuba ya shukrani. Shika ndoo ya pili, mdeki pamoja.

Tuombe: Bwana, utuinamishe, tupate kunywa. Amina.