Je, kweli ajali haina kinga?

Kila chombo kinapozama au daraja linapoanguka na watu wakapoteza maisha, yako maneno mawili ambayo hayakosi kusikika msibani. Neno la kwanza ni kwamba ajali haina kinga. Neno la pili ni kwamba hiyo ni kadari ya Allah (sw). La kwanza ni msemo wa watu. La pili ni sehemu ya imani yetu na hakuna Muislamu anayelikanusha. Lakini swali ninalotaka tulijadili leo ni hili: je, neno hili la kweli linatosha kuwa jibu, pale anayeulizwa ni yule aliyejenga, yule aliyekagua au yule aliyepakia?

Mimi si mhandisi. Nafundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule ya sekondari, na kila mwaka tunapofika kwenye nguzo ya sita ya imani, wapo wanafunzi wanaouliza: kama kila kitu kimeshaandikwa, kwa nini tujihangaishe? Katika kutafuta mifano ya kuwajibu, nimejikuta nasoma habari za wataalamu wanaochunguza namna sakafu za madaraja na sitaha za meli zinavyohimili upepo na mawimbi. Nimeona kuwa swali lao na swali la wanafunzi wangu ni majirani. Naomba, ndugu msomaji, tutazame visa viwili vya wenzetu kabla hatujarudi nyumbani.

Daraja lililopinda kama bati

Tarehe 1 Julai 1940, katika jimbo la Washington nchini Marekani, lilifunguliwa daraja la kuning'inia kwa nyaya katika mlango wa bahari uitwao Tacoma Narrows. Sehemu yake ya kati ilikuwa na urefu wa mita 853, ya tatu kwa urefu duniani wakati huo. Lakini upana wake haukuzidi mita 12, na kuta za chuma zilizoishika sakafu pembeni zilikuwa na kimo cha mita 2.4 tu. Mhandisi wa jimbo alikuwa amependekeza fremu za chuma zenye kimo cha takriban mita 7.6. Mpango wake ukaonekana wa gharama kubwa. Ukachukuliwa mpango mwembamba zaidi wa Leon Moisseiff, bingwa aliyeheshimika sana, ambaye alishiriki pia katika usanifu wa daraja la Golden Gate.

Tangu ujenzi haujakwisha, mafundi waliona sakafu ikipanda na kushuka kila upepo ulipovuma. Watu walilipachika jina la utani, wakawa wanakwenda kulipita kwa kujifurahisha. Profesa Frederick Farquharson wa Chuo Kikuu cha Washington alipewa kazi ya kutafuta dawa. Akajenga madaraja madogo ya mfano, akayapimia upepo, na mwanzoni mwa Novemba akapendekeza ama kutoboa matundu katika zile kuta za chuma ili upepo upite, ama kuzifunika kwa maumbo yatakayoupitisha upepo kwa ulaini. Mapendekezo hayakuwahi kutekelezwa. Asubuhi ya tarehe 7 Novemba 1940, daraja likiwa na umri wa miezi minne na siku chache, sakafu ilianza kujisokota, upande mmoja ukipanda huku mwingine ukishuka. Kabla ya adhuhuri ilikuwa imekatika na kutumbukia majini. Kwa rehema za Allah hakufa mtu. Alikufa mbwa aliyeachwa ndani ya gari.

Upepo wa siku ile ulikuwa wa takriban kilomita 68 kwa saa. Ni upepo mkali, lakini si tufani, na kwa hesabu za wasanifu daraja lile lilikuwa na uwezo wa kustahimili upepo mkali kuliko huo. Kwa nini basi lilianguka? Kwa sababu hesabu zile ziliuchukulia upepo kama mtu anayesukuma ukuta: ukuta ukiwa na nguvu kuliko yeye, hauanguki. Upepo haufanyi hivyo peke yake. Tazama bati la paa lililong'oka msumari mmoja. Likiinuka kidogo, upepo unaingia chini yake na kuliinua zaidi. Likishuka, upepo unalipiga kwa juu. Kila linavyocheza ndivyo linavyozidi kuukaribisha upepo ulicheze. Sakafu ya Tacoma ilikuwa nyembamba, nyepesi, na ina kuta zisizo na upenyo. Mchezo wake wenyewe ndio ulioipa upepo nguvu ya kuivunja.

Tume ya wahandisi watatu ilitoa ripoti yake Machi 1941. Haikukuta wizi wa saruji wala chuma bandia. Ilikuta kuwa daraja lilijengwa vizuri kwa kufuata elimu iliyokubalika, ila elimu yenyewe ilikuwa na pengo. Daraja jipya la mwaka 1950 lilipewa fremu za wazi zenye kimo cha takriban mita 10 na vipenyo vya kupitishia upepo kwenye sakafu. Leo daraja refu la aina hiyo halijengwi mpaka mfano wake upimwe kwanza katika handaki la upepo.

Meli iliyosemwa kuwa ilishindwa na maumbile

Kisa cha pili ni cha meli ya mizigo ya Uingereza iliyoitwa Derbyshire. Ilikuwa na urefu wa mita 294, na haikuwa kuukuu, kwani ilitoka kiwandani mwaka 1976. Septemba 1980, ikiwa imebeba madini ya chuma kutoka Canada kwenda Japan, ilikutana na kimbunga Orchid kusini mwa Japan. Ikapotea na watu wote 44 waliokuwamo. Haikutuma hata wito wa kuomba msaada.

Serikali mwanzoni haikuona haja ya uchunguzi rasmi, maana hakukuwa na mabaki ya kuchunguza. Familia zikadai. Uchunguzi ulipofanyika, majibu yaliyotolewa mwaka 1989 yalikuwa kwamba huenda meli ilizidiwa na nguvu za maumbile. Msomaji utaona kuwa hiyo ndiyo "ajali haina kinga" ya Wazungu. Si uongo. Bahari ilikuwa imechafuka kweli. Lakini ni jibu linalofunga faili.

Familia hazikukubali. Mwaka 1994, kwa fedha zilizotolewa na shirikisho la kimataifa la wafanyakazi wa uchukuzi, mabaki yalipatikana katika kina cha zaidi ya kilomita 4, yakapigwa picha nyingi katika safari zilizofuata. Hapo likaja jaribu jingine: ripoti ya mwaka 1998 ikawatupia lawama mabaharia kwamba hawakufunga vizuri mfuniko wa stoo ya mbele. Maiti hajitetei. Ilibidi uchunguzi ufunguliwe upya mbele ya jaji, na mwaka 2000 ndipo mabaharia wakasafishwa.

Ilionekana kuwa mawimbi yaliyopanda juu ya sitaha ya mbele yaling'oa mabomba ya kupitishia hewa. Maji yakaingia kidogo kidogo, omo ikainama, na kila ilivyoinama ndivyo mawimbi yalivyozidi kuilalia sitaha. Mwisho yakauvunja mfuniko wa tundu la kwanza la mizigo, kisha wa pili, na meli ikaenda chini. Mifuniko ile ilitimiza kanuni ya kimataifa ya mwaka 1966, iliyotaka mifuniko ya sehemu ya mbele ihimili tani 1.75 kwa kila mita ya mraba. Sasa, mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa zaidi ya tani moja. Kwa hiyo kanuni ile ilitosha kwa maji yaliyotulia yenye kimo kisichofika mita mbili. Bahari ya kimbunga haitulii wala haitoi kipimo cha mita mbili. Majaribio ya meli za mfano ndani ya matangi ya maji yalithibitisha kuwa kanuni yenyewe ndiyo iliyokuwa dhaifu, na baada ya hapo masharti ya nguvu za mifuniko ya mbele yakapandishwa. Mabaharia wanaovuka bahari leo wanalindwa na ukaidi wa wajane na wazazi ambao hawakuridhika na jibu la "maumbile."

Kadari si kichaka

Turudi kwenye swali letu. Upepo wa Tacoma ulikuwa kwa amri ya Allah, na kimbunga Orchid kadhalika. Lakini upepo na mawimbi havivumi kiholela. Vinakwenda kwa kanuni alizoziweka Muumba, na akili ametupa ya kuzisoma. Kuzisoma kanuni hizo hakupingani na kadari. Ni kuiendea kadari kwa mlango wake.

Dalili ziko wazi. Nabii Nuh (as) aliahidiwa uokovu na Mwenye uwezo wa kumwokoa bila ya chombo. Pamoja na hivyo aliamrishwa kujenga jahazi, na Qur'an katika Surat Al-Qamar imetaja hata mbao na misumari yake. Umar bin Khattab (ra) alipokuwa njiani kwenda Sham akasikia kuna tauni, akaamua kurudi. Alipoulizwa na Abu Ubaida kama anaikimbia kadari ya Allah, alijibu kuwa naam, wanaikimbia kadari ya Allah kwenda kwenye kadari ya Allah. Na hadithi ya ngamia, kwamba afungwe kwanza ndipo mtu ategemee, hakuna asiyeijua. Anayemwacha ngamia bila kamba kisha akamlilia kadari, hajategemea. Amejificha kichakani.

Atasema mtu: je, Moisseiff naye alaumiwe? Mbona alifanya kwa elimu ya wakati wake? Hapa lazima tutofautishe watu watatu. Wa kwanza ni mtaalamu aliyejitahidi kwa uwezo wake wote akakosea katika lisilojulikana. Mafundisho yetu hayamhukumu huyu kama mhalifu. Hakimu aliyejitahidi akakosea ana ujira mmoja. Wa pili ni yule ambaye hakujua, na hakujishughulisha kujua, naye kajitwika roho za watu. Huyu anafanana na mtu anayetibu bila kujulikana kwa utabibu, ambaye Mtume (saw) amembebesha dhamana ya madhara. Wa tatu ni aliyejua akanyamaza, ama kwa kuogopa bosi, ama kwa kupenda fedha. Hana utetezi wowote.

Moisseiff namweka karibu na wa kwanza, lakini siwezi kumweka hapo kwa utulivu kamili. Upepo ulikuwa umeshaharibu madaraja ya kuning'inia zamani: la Menai kule Wales mwaka 1839, na la Wheeling kule Marekani mwaka 1854. Elimu ilikuwapo, ikasahauliwa. Hilo si kosa la mtu mmoja; ni deni la jamii nzima ya wataalamu. Na sisi tunalo jina lake: fardhi kifaya. Imam Ghazali aliitaja tiba na hesabu kuwa miongoni mwa fardhi hizo, kwamba asipopatikana wa kuzitekeleza, wote wanapata dhambi. Mimi sioni kwa nini elimu ya upepo na mawimbi isiwe humo, maadamu maisha ya watu yanapita juu yake.

Na sisi je?

Kwetu mara nyingi hatujahitaji hata kimbunga. Mv Bukoba Mei 1996, Mv Spice Islander Septemba 2011, Mv Nyerere Septemba 2018: mamia kwa mamia ya ndugu zetu, na katika zote lilitajwa jambo lile lile la kupakia kupita kiasi. Hilo halihitaji profesa wala handaki la upepo. Idadi ya abiria inaandikwa kwenye cheti cha chombo. Kama wenzetu waliulizwa kuhusu lisilojulikana, sisi tutaulizwaje kuhusu lililoandikwa?

Mtume (saw), katika hadithi iliyopokewa na Nu'man bin Bashir, ametupigia mfano wa watu waliopanda jahazi moja, wengine juu na wengine chini. Wa chini wakataka kutoboa tundu katika sehemu yao ili wapate maji bila kuwasumbua wa juu. Wakiachwa, wanaangamia wote. Wakizuiwa, wanaokoka wote. Tazama kwamba hatima ya jahazi zima imetundikwa kwenye mkono wa anayezuia. Hakusema Mtume kuwa wa juu wakae wamngoje Mola wao.

Kwa hiyo nawaomba maimamu wetu: siku ya msiba tuwafariji wafiwa kwa kadari, maana ndiyo dawa yao. Lakini Ijumaa inayofuata, mkaguzi aliyesaini na nahodha aliyepakia waambiwe amana. Wazazi wenye watoto wanaopenda fizikia na hesabu wasidhani kuwa wamewapoteza katika dunia. Nasi abiria, tukiona chombo kimejaa, tushuke na tuwashushe wengine kwa maneno mema, hata tukichekwa kama alivyochekwa Nuh alipokuwa akijenga. Wahenga walisema chombo cha kuzama hakina usukani. Lakini chombo ambacho bado kimefungwa gatini kina usukani, kina cheti na kina mwenye kuulizwa.

Wabillahi tawfiq.