Deni la Marehemu

Hakuna taifa lisilokuwa na wafu wake, wala hakuna jamii ya waungwana inayowazika wakuu wake na kuwasahau siku hiyo hiyo. Nchini mwetu, tarehe 7 Aprili ya kila mwaka tunamkumbuka Mzee Abeid Amani Karume, aliyeuawa mwaka 1972. Tarehe 12 ya mwezi huo tunamkumbuka Ndugu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki katika ajali ya gari mwaka 1984. Na tarehe 14 Oktoba tunamkumbuka Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki mwaka 1999 na kuzikwa kijijini kwake Butiama. Hotuba husomwa, dua huombwa, mashada ya maua huwekwa. Lakini yafaa tujiulize: kumheshimu kiongozi aliyefariki ni kufanya nini hasa?

Jibu jepesi ni kwamba kumheshimu ni kumsifu. Adabu zetu zatukataza kumsema marehemu, kwa kuwa hawezi kujitetea. Na katazo hilo lina utu ndani yake. Aendaye matangani kuhesabu makosa ya maiti mbele ya wafiwa ni mtu asiye na haya. Hata hivyo, katazo hilo liliwekwa kwa ajili ya uchungu wa wafiwa. Halikuwekwa liwe sheria ya historia. Matanga yana siku yake ya kuanuliwa. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgema aliyekufa hawezi tena kulitia maji tembo lake. Wanaolitia maji ni sisi tunaomsifu kupita kiasi, hata wajukuu wakionja wasiipate ladha ya kazi aliyoifanya.

Natutazame mila zetu wenyewe. Katika mazishi mengi ya kwetu, kabla watu hawajatawanyika, mzee mmoja wa ukoo husimama akatangaza kwamba anayemdai marehemu ajitokeze, na anayedaiwa na marehemu naye aseme. Hakuna anayeliona tangazo hilo kuwa tusi. Warithi wanaogawana mali bila ya kuuliza madeni ndio wanaolaumiwa. Sisi twaona kwamba humo ndimo ilimo maana ya heshima. Kiongozi naye huacha urithi na huacha madeni. Yapo tunayodaiwa naye, na yapo aliyodaiwa na watu. Mrithi mwema huyapokea yote mawili.

Tumchukue Mwalimu Nyerere. Tunadaiwa naye umoja wa watu wa makabila mengi, lugha moja inayotuunganisha, na juhudi ya elimu ya watu wazima iliyowafanya wazee wengi washike kalamu kwa mara ya kwanza. Lakini wapo pia wananchi waliohamishiwa vijijini kwa nguvu katika miaka ya 1970, wakaacha mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Hilo nalo ni deni. Mwenyewe hakuikimbia hesabu ya namna hiyo: mwaka 1962 aliandika kijitabu alichokiita Tujisahihishe, na mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, alieleza hadharani yaliyofanikiwa na yaliyoshindikana. Basi anayemsifu kana kwamba hakukosea kamwe humnyima sifa moja iliyo kubwa, nayo ni ujasiri wa kujikosoa.

Liko deni jingine, nalo ni la kumnyamazia aliyestahili kutajwa. Bibi Titi Mohamed aliwaita wanawake kwa maelfu kuingia TANU katika miaka ya 1950. Baadaye alishtakiwa kwa uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, kisha akasamehewa na kuachiliwa mwaka 1972. Kwa miaka mingi jina lake lilitajwa kwa nadra. Leo barabara moja kubwa ya Dar es Salaam yaitwa kwa jina lake. Ni jambo jema. Lakini mwanafunzi anayepita njia hiyo bila ya kujua kazi ya mama huyo, wala hukumu iliyompata, amejua jina la barabara tu.

Wapo watakaosema kwamba vijana wakiambiwa makosa ya wakubwa watawadharau. Sisi hatukubali. Mtoto anayeambiwa kwamba babu yake hakuwahi kujikwaa hukata tamaa siku ajikwaapo yeye mwenyewe. Lakini anayeambiwa kwamba babu alijikwaa, akainuka, akaendelea na safari, huyo hupata mfano wa kuufuata. Ukweli usemwao kwa adabu haumshushi mkubwa, bali humrudisha kwa watu.

Wala tusidhani kwamba habari hii ni ya wakuu wa nchi peke yao. Kila kijiji kina watu wake waliotangulia: aliyewahimiza wenzake wajenge shule kwa nguvu zao, mkunga aliyepokea watoto wa nusu ya mtaa, mzee aliyeamua magomvi ya mipaka asipokee hata kuku. Hao hawana sikukuu. Walimu wanaweza kuwatuma wanafunzi wao kwa wazee na daftari mkononi, wakaulize mambo matatu: marehemu alifanya nini, alikosea wapi, na kazi gani aliiacha njiani. Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa maana jibu lake humgeukia muulizaji.

Kijiji kinachopaka chokaa kaburi la mchimba kisima, huku kisima chenyewe kikikauka kwa takataka, hakijamheshimu marehemu wake. Na waende kwanza kisimani wakakizoe. Kisha, mikono ikiwa bado na matope, waende makaburini wakaombe dua.